Kuweka picha na sauti kwenye kioo cha mashine ya kutotolesha vifaranga

Mfugaji akichungulia mlangoni, anatakiwa aone hali ya mayai yake bila kusogea wala kusoma. Hiyo ndiyo kazi ya kioo ninachokitumia, ILI9341 chenye nukta 320 kwa 240, kilichoungwa na kidhibiti kidogo cha ESP32. Kwa hiyo picha hapa si pambo. Siku ya 18, mayai yanapoacha kugeuzwa na unyevu ukapandishwa, ikoni ya yai zima inageuka yai lenye ufa, na mwenye kuku ameshaelewa. Nachora kwa maktaba ya LVGL, toleo la 9. Wenye toleo la 8 watakuta majina ya amri yamepishana kidogo.

Kabla ya kuingiza picha yoyote, piga hesabu. Usidanganywe na ukubwa wa faili kwenye kompyuta, maana PNG imebanwa na kioo hakichori kitu kilichobanwa. Kioo hiki kinapokea rangi za RGB565, baiti 2 kwa kila nukta, hivyo picha ya kukijaza chote ni baiti 153,600, hata kama PNG yake ilikuwa na kilobaiti 12 tu. Ukiiachia programu ifungue PNG yenyewe kifaa kikiwa kinafanya kazi, inaipanua hadi baiti 4 kwa nukta: baiti 307,200, na zote zinatakiwa kwenye RAM kwa mkupuo. RAM ya ndani ya ESP32 ni kilobaiti 520 kwa jumla. WiFi ikishachukua fungu lake, nafasi iliyoungana ya kiasi hicho huipati. Mara nyingi programu haizimiki. Picha tu haitokei, na mtu anahangaika na msimbo usio na kosa.

Ndiyo maana ikoni nazigeuza mapema ziwe faili la C. LVGL ina skripti ya kazi hiyo, LVGLImage.py: unaipa PNG, inakurudishia orodha ndefu ya namba. Liweke faili hilo pamoja na msimbo wako, lisajili kwenye CMakeLists, kisha:

LV_IMAGE_DECLARE(yai_ufa);
lv_image_set_src(picha, &yai_ufa);

Namba hizo zimetangazwa kuwa const, kwa hiyo zinabaki kwenye fleshi na RAM haiguswi.

Muundo wa rangi uchague kwa makini. Ikoni ya nukta 48 kwa 48 yenye mandhari ya uwazi, ikihifadhiwa kwa RGB565A8, inakula baiti 6,912. Ikiwa ni ya rangi moja, kama tone la maji au kipimajoto, tumia A8: baiti 2,304, na rangi unaipa wewe ndani ya programu. Kipimajoto changu ni faili moja tu, kijani joto likiwa sawa, chekundu likipita kiwango.

Rangi zikitoka vibaya, chora mstatili wa buluu mtupu. Ukitokea wa kijani, baiti mbili za kila nukta zimepishana. Zigeuze kwa lv_draw_sw_rgb565_swap kabla ya kuzituma kwenye kioo. Usiihariri picha, haina hatia.

Picha kubwa zinazoonekana mara chache, kama nembo ya kuwakia, zihifadhi kama faili za .bin kwenye LittleFS, mfumo wa faili ulio ndani ya fleshi. Washa LV_USE_FS_STDIO, chagua herufi ya kuutambulisha mfumo huo, halafu uiite picha kwa njia yake, mfano "S:/nembo.bin". Inasomwa polepole kuliko ile ya kwenye msimbo, lakini nembo haina haraka.

Sauti inafuata hesabu ileile. WAV ya biti 16, mono, sampuli 16,000 kwa sekunde, inachukua baiti 32,000 kila sekunde. Kwa onyo la maneno, biti 8 na sampuli 8,000 zinatosha kabisa: baiti 8,000. LVGL yenyewe haichezi sauti. Ipeleke kwenye I2S, njia ya sauti ya ESP32, kupitia kazi inayojitegemea, ukisoma faili vipande vidogovidogo, la sivyo kioo kitaganda onyo likilia. Nami naziweka sauti kwenye LittleFS kwa makusudi, kwa sababu mfugaji wa Shinyanga anaweza kupenda onyo la Kisukuma, na hapo nabadilisha onyo_joto.wav peke yake bila kugusa programu.