Vidokezo vya kuichora bahari kwa programu huria

Mpango wa Argo una maboya karibu 4,000 yaliyotawanyika katika bahari za dunia. Boya huelea kwenye kina cha mita 1,000 hivi. Kila baada ya siku 10 huzama hadi mita 2,000, kisha hupanda likipima halijoto na chumvi, na likifika juu hutuma vipimo kwa setilaiti. Mwenye intaneti yeyote anaweza kuvichukua bure. Kazi inabaki kuvichora bila kumpotosha msomaji.

1. Chungulia kwanza. Data za bahari mara nyingi huja katika faili za netCDF, na Excel si mahali pake. Jaribu ncview, iliyoandikwa na David Pierce wa taasisi ya Scripps, California. Sura yake ni ya kizamani kabisa, lakini inafungua faili papo hapo.

2. Bure si lazima iwe huria. Ocean Data View, kazi ya Reiner Schlitzer wa taasisi ya Alfred Wegener, Ujerumani, ni ya bure kwa utafiti na kufundishia, na binafsi naiona nzuri mno kwa kuchora mkato wa bahari kutoka juu hadi chini. Ila msimbo wake haujaachwa wazi. Ukitaka kuona hesabu zinavyofanyika ndani, nenda kwenye Python: xarray kwa kusoma data, matplotlib kwa kuchora, cartopy kwa ramani.

3. Achana na rangi za upinde wa mvua. Zinapendeza, na hapo ndipo hatari ilipo. Njano hung'aa kuliko jirani zake, basi jicho huona mpaka mkali kati ya maji ya joto na ya baridi hata pale halijoto inapobadilika polepole. Asiyetofautisha nyekundu na kijani naye hupotea kabisa. Matplotlib yenyewe iliziacha mwaka 2017, toleo la 2.0 lilipoifanya viridis kuwa chaguo la kawaida. Kwa bahari kuna kifurushi bora zaidi, cmocean cha Kristen Thyng na wenzake: halijoto ina rangi zake, chumvi zake, oksijeni zake. Kwa kasi ya mkondo, inayokwenda huku na huku, chagua rangi mbili zinazokutana kwenye sifuri.

4. Kina kisomeke kwenda chini. Sifuri juu, tafadhali!

5. Iogope 99999. Katika faili za Argo, namba hiyo maana yake hakuna kipimo. Xarray huiondoa yenyewe, lakini ikishapita kwenye jedwali la kawaida inageuka joto la kuchemshia nyota. Angalia pia alama za ubora: 1 ni kipimo kizuri, 4 ni kibovu.

6. Usichanganye kusi na kaskazi. Mkondo wa Somalia hukimbia kaskazini wakati wa kusi, na kaskazi ikivuma hugeuka kuelekea kusini. Ukichora wastani wa mwaka mzima, pande hizo mbili zinapunguzana na ramani inaonyesha mkondo dhaifu ambao hakuna nahodha aliyewahi kukutana nao. Xarray inaweza kuyapanga majira kwa mstari mmoja wa msimbo. Chora ramani mbili, Julai na Januari, kwa kipimo kilekile cha rangi.