Kipimo au Kiashiria? Tatizo la Istilahi katika Maabara ya Seli

Makala hii inakusudia kujadili neno moja la maabara ambalo mfasiri akilikosea atakuwa amebadilisha matokeo ya utafiti.

Tuchukue mfano wa malaria, maradhi yasiyo mageni kwa mkazi yeyote wa Kisumu, awe wa Mamboleo au wa Kisian. Mnamo 2004 Kenya iliteua mseto wa artemether na lumefantrine kuwa dawa ya kwanza ya malaria isiyo kali. Artemether ina daraja la atomi mbili za oksijeni. Likikutana na chuma ndani ya kimelea huvunjika na kuzaa chembe kali. Je, dawa hiyo pia huzidisha aina kali za oksijeni kuliko kinga ya seli inavyohimili? Hali hiyo ya kuzidiwa tunaiita mkazo wa uoksidishaji. (Neno “msongo” tumeliepuka, seli haina mawazo.)

Ili kujibu swali hilo, vimelea hukuzwa katika chembe nyekundu za damu ya binadamu, kwa njia iliyotangazwa na Trager na Jensen mwaka 1976. Kisha hutiwa DCFH-DA, kemikali isiyong'aa. Hupenya utando wa seli, vimeng'enya huikata mikia, nayo hunaswa humo. Ikioksidishwa hugeuka kuwa DCF, ambayo ikimulikwa kwa mwanga wa buluu hutoa mng'aro wa kijani.

Mfasiri mwenye haraka ataiita “kipimo cha peroksidi ya haidrojeni”. Hapo ndipo penye kosa. Peroksidi peke yake haiioksidishi kwa urahisi. Huhitaji chuma au kimeng'enya cha kusaidia, na kimelea kinachokula himoglobini kimejaa chuma. Isitoshe, kemikali yenyewe ikianza kuoksidishwa huweza kuzalisha peroksidi zaidi. Mng'aro ukiongezeka maradufu, haimaanishi kuwa peroksidi imeongezeka maradufu. Mwongozo wa wanasayansi uliochapishwa katika jarida la Nature Metabolism mwaka 2022 ulitahadharisha kuhusu jambo hili.

Kipimo, kama kibaba na pishi, hutaja kiasi. Wingu jeusi juu ya ziwa huashiria mvua bila kutaja milimita. Kwa hiyo tunapendekeza “kiashiria cha uoksidishaji”, na sentensi ya ripoti iwe: “Mng'aro wa kijani uliongezeka baada ya dawa kutiwa.” Peroksidi itajwe pale tu jaribio jingine litakapoithibitisha.