Dondoo Muhimu: Kuzuru Michoro ya Kuta za Bogside, Derry

Anza ziara yako juu ya boma la mji huu wa Ireland ya Kaskazini, lililojengwa baina ya 1613 na 1618, kwani ukisimama pale utaiona Bogside yote chini yako, na utafahamu bila ya kuambiwa ni nani aliyekuwa akimtazama nani. Kisha teremka kwa miguu hadi Rossville Street, penye michoro 12 iliyoanzwa mwaka 1994 na ndugu wawili pamoja na sahibu yao. Kuta hizo ni za nyumba za watu. Usichungulie madirishani, na kabla ya kumpiga mtu picha, taka idhini yake.

Usiupite kwa pupa mchoro wa binti wa miaka 14, aliyevaa sare ya shule, aliyeuawa kwa risasi mwaka 1971. Hapo awali kipepeo aliye juu ya kichwa chake aliachwa bila rangi, na bunduki iliyo ubavuni ilikuwa nzima; wachoraji walisubiri hadi amani ilipothibiti, ndipo bunduki ikavunjwa na kipepeo akatiwa rangi.

Penye mnara wa marehemu wa tarehe 30 Januari 1972, siku askari wa Uingereza walipowapiga risasi waandamanaji, punguza sauti: jamaa zao wangali wakipita hapo.

Wenyeji wa hapa husema Derry, ilhali Waprotestanti wa upande wa pili husema Londonderry. Mfuate anayezungumza nawe. Na siku hiyohiyo nenda pia Fountain, mtaa wa Waprotestanti, ukazitazame kuta zao.