Kabla Hujamlipia Mwanao Ada ya Mpira

Mzazi ambaye mwanawe ana kipaji cha soka hufikiwa kwanza na furaha, kisha na gharama: ada ya kituo cha kukuza vipaji, jezi, viatu, nauli ya mashindano. Kumsaidia mtoto huanzia hapo, katika kujua unalipia nini.

Kabla ya kulipa, tembelea kituo wakati wa mazoezi na uulize. Kocha amesomea wapi kazi hiyo? Mtoto akivunjika mguu, nani atagharimia matibabu? Akiacha katikati ya msimu, ni kiasi gani cha ada kitarudishwa? Omba majibu kwa maandishi pamoja na risiti ya kila malipo. Neno la mdomo la kocha mkarimu linapendeza, lakini halina pa kushikwa siku ya mgogoro.

Kuhusu vifaa tuseme machache. Viatu vinavyombana mtoto humuumiza, na vilivyo vikubwa mno, vinavyonunuliwa ili "akue navyo", humtoa malengelenge na kumtegua kifundo. Vya mitumba vyafaa, mradi soli haijapasuka na njumu hazijalika. Vinywaji vya rangi vinavyouzwa kwa jina la nguvu si vya lazima; kwa mazoezi ya kawaida maji safi yatosha.

Hatari kubwa zaidi huja na mtu asemaye, "Mzazi, nimemtafutia kijana nafasi ya majaribio Ulaya," kisha akaomba fedha za viza na "usajili". Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji, katika kifungu cha 19, hukataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa katika hali chache, mathalani wazazi wanapohamia nchi nyingine kwa sababu zisizohusiana na mpira. Ada ya majaribio hainunui ruhusa hiyo. Wapo vijana waliosafirishwa kwa ahadi za namna hii wakatelekezwa ugenini bila klabu wala nauli ya kurudi.

Kwa hiyo, mtake wakala aoneshe leseni yake, nawe uhakiki jina lake katika orodha ya mawakala ambayo FIFA huichapisha. Wakala halali hahitaji kuharakishwa kwa malipo, na hamkaribii mtoto bila idhini ya mzazi iliyoandikwa. Jina la klabu likitajwa, wasiliana na klabu yenyewe kwa anwani uliyoitafuta wewe, si ile uliyopewa naye. Pasipoti ya mtoto ibaki mikononi mwako.

Mkataba nao usitiwe saini uwanjani. Uchukue nyumbani, umpe mwanasheria ausome. Kwa kanuni hizo hizo, mchezaji aliye chini ya miaka 18 hawezi kufungwa na mkataba wa kulipwa unaozidi miaka 3. Ukiona miaka 5 au 10, urudishe.

Uwanjani, mwachie kocha maelekezo. Mtoto anayesikia sauti mbili hupoteza mpira, na mara nyingi hupoteza hamu pia.

Ikiwa umekwisha kulipa na mtu hapokei simu, usifute ujumbe wowote. Hifadhi namba za miamala, picha za matangazo na mazungumzo yenu, kisha utoe taarifa polisi mapema, kabla laini ile haijazimwa.