Mkufunzi Ni Msaidizi, Mlezi Ni Wewe

SOMO LA WIKI

Maandiko ya kusoma: Kumbukumbu la Torati 6:6-7, 1 Samweli 2:12-26, 1 Samweli 8:1-3, 2 Timotheo 1:5



Shule zikikaribia kufungwa, wazazi huniuliza: "Pasta, nikimpeleka mtoto wangu karate ama taekwondo, ni dhambi?" Wengine hawaulizi dhambi. Wanasema, "Pasta, huyu kijana amenishinda. Wacha nimpeleke kwa watu wa karate wamnyooshe." Swali la kwanza lina jibu fupi. Hilo neno la pili ndilo tutakaa nalo leo.

1. Mazoezi haya yana faida

Tusiseme vibaya kitu tusichokijua. Jigoro Kano, aliyeanzisha judo kule Tokyo mwaka 1882, alikuwa mwalimu. Gichin Funakoshi, aliyeileta karate Tokyo kutoka Okinawa mwaka 1922, naye alikuwa mwalimu wa shule. Watu hawa walitaka kujenga tabia, si misuli peke yake. Katika taekwondo ya Wakorea, wanafunzi wengi hufundishwa mambo matano: adabu, uadilifu, uvumilivu, kujitawala na moyo usiokata tamaa. Kwenye judo, kabla mtoto hajafundishwa kumwangusha mwenzake, anafundishwa kwanza namna ya kuanguka bila kuumia. Hilo peke yake ni somo zuri la maisha.

Na mchezo huu umefungulia vijana wetu milango. Faith Ogallo, aliyesoma Chuo Kikuu cha Kibabii kule Bungoma, aliiwakilisha Kenya katika taekwondo kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021.

Paulo anamwambia Timotheo kwamba kuuzoeza mwili kuna faida kidogo, lakini utauwa una faida katika yote (1 Timotheo 4:8). Kidogo si sufuri. Kuhusu kuinama, kwa Wajapani hiyo ni salamu ya heshima, kama mtoto wetu anavyompa mkubwa mkono kwa adabu. Lakini nenda mwenyewe, kaa, tazama. Ukikuta kuna ibada ya roho nyingine, mtoe mtoto. Ukikuta ni mazoezi na nidhamu, mshukuru Mungu, lipa ada.

2. Hebu tupige hesabu

Wiki ina saa 168. Mtoto akilala saa 9 kila usiku, hizo ni 63. Shule na njia ya kwenda na kurudi, tuseme 45. Karate mara mbili kwa wiki, saa moja na nusu kila mara, ni saa 3. Zinabaki 57. Hizo 57 ziko mikononi mwa nani? Ni za jikoni, sebuleni, shambani kwa majani chai, na barabarani mkitoka sokoni Suneka. Ndizo saa ambazo Musa anazitaja katika Kumbukumbu 6: ukiketi nyumbani, ukitembea njiani, ukilala na ukiamka. Mungu hakutaja ukumbi wa mazoezi. Alitaja nyumba yako.

Sasa fikiria kijana anayefundishwa Jumamosi kwamba mwenye nguvu hampigi mnyonge. Jumamosi hiyo hiyo usiku anamwona baba akimpiga mama. Ataamini nani? Mkufunzi anaongea kwa saa tatu. Baba anaongea kwa wiki nzima, hata akiwa amenyamaza. Na hapo kuna hatari kubwa, wapendwa. Kijana huyo atakuwa na ngumi ya karate na moyo wa nyumbani. Tumemwongezea nguvu bila kumwongezea hekima.

3. Eli na Samweli

Eli alikuwa mkufunzi mzuri. Hana alimkabidhi Samweli akiwa mdogo, na Eli ndiye aliyemfundisha kuitambua sauti ya Bwana. Lakini Hofni na Finehasi, watoto wa Eli mwenyewe, walidharau dhabihu na kufanya uzinzi mlangoni pa hema. Eli aliwakemea kwa maneno tu, wakaendelea. Mtoto wa mwenzake alinyooka, wake wakaharibika.

Tena Biblia haimfichi hata Samweli. Sura ya 8 inasema wanawe walipokea rushwa na kupotosha hukumu. Nabii mkubwa, na nyumbani kuna shida! Kuwa mtumishi, mwalimu ama kocha wa watoto wa watu hakukuondolei kazi ya mtoto wako.

Mtazame Hana pia. Alimtoa mtoto, lakini hakumsahau. Kila mwaka alimshonea joho dogo, akampelekea. Ili nguo imtoshe mtoto, lazima ujue amekua kiasi gani. Je, wewe unajua wako amefika wapi?

4. Kazi hukabidhiwa, uwajibikaji haukabidhiwi

Wenye biashara wananielewa. Unaweza kumwachia mtu duka auze, lakini hesabu isipolingana, mkopo ni wako. Ndivyo ilivyo kwa mtoto. Hata Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 53, inasema mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi, na kwamba baba na mama wana wajibu sawa, wawe wameoana ama hawajaoana.

Nendeni Tabaka mkawatazame wachongaji wa mawe ya sabuni. Mmoja anachonga, mwingine anapiga msasa kwa maji mpaka jiwe linang'aa. Mwenye msasa anafanya kazi ya maana, lakini kama kiboko kilichongwa bila mguu, msasa hautaleta mguu. Karate ni msasa. Umbo linatoka nyumbani.

Na wewe mama unayelea peke yako, ama nyanya uliyeachiwa wajukuu, usivunjike moyo. Imani ya Timotheo ilianza kwa nyanya yake Loisi na mama yake Eunike. Sisi Abagusii pia tulifundishwa chinsoni na nyanya zetu: nani unamheshimu vipi, na neno gani halisemwi mbele ya nani. Hawakuwa na ukumbi wala mkanda mweusi. Walikuwa na jioni, na waliitumia.

5. Tufanye nini wiki hii?

Kama mtoto anafanya mazoezi, nenda ukaongee na mkufunzi wake. Muulize anafundisha nini, kisha shikeni kanuni hiyo hiyo nyumbani.

Chagua jioni mbili simu ziwekwe kando, mle pamoja, muombe pamoja. Baba, hata kama boda boda inalipa zaidi jioni, jioni mbili hazitakufilisi.

Mtoto akikosa, mrudi kwa upole na kwa msimamo. Waefeso 6:4 inakataza kuwachokoza watoto, na hapo hapo inaagiza tuwalee katika adabu ya Bwana. Yote mawili. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu hauna huruma.

Maswali ya kujadili katika ushirika wa nyumbani

1. Zile saa 57 katika nyumba yako zinaenda wapi?
2. Ni tabia gani unataka mkufunzi amfundishe mtoto, na wewe mwenyewe huna?
3. Eli alikemea, lakini hakuzuia (1 Samweli 3:13). Kuna tofauti gani?

Tuombe

Baba, asante kwa watoto uliotupa. Wabariki walimu na wakufunzi wanaotusaidia. Tupe sisi wazazi muda, subira na mfano mwema, ili watoto wetu wakione nyumbani kile tunachowatuma kukitafuta nje. Katika jina la Yesu, amina.