Tarehe ya kupanda mboga Moshi huhesabiwa kuanzia sokoni

MKULIMA wa Moshi anayenunua mbegu za karoti au kabichi zilizotoka Ulaya huweza kukuta pakiti imeandikwa kuwa zipandwe baada ya jalidi ya mwisho. Maelekezo hayo ni sahihi kule yalikoandikwa, lakini hayamsaidii mtu wa Kibosho, Marangu wala Himo.

Jalidi ni umande unaoganda usiku na kuunguza majani. Kwa kawaida joto hupungua kiasi cha nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 za kupanda mlima. Mji wa Moshi uko kwenye mita kati ya 800 na 900 hivi kutoka usawa wa bahari, na vihamba vya kahawa na migomba huishia karibu na mita 1,800. Hapo usiku wa Julai ni baridi, ila maji hayagandi. Barafu ya usiku huwakuta wapanda mlima huko juu kabisa, kama vile Horombo kwenye mita 3,720, ambako hakuna shamba.

Wako majirani ambao jalidi ni adui wao wa kweli. Katika uwanda wa Kitulo wilayani Makete huja katikati ya mwaka, wakati wa kipupwe. Nchini Kenya huja Januari na Februari, usiku mbingu zikiwa hazina mawingu. Januari 2012 jalidi iliunguza chai nyingi katika maeneo ya Kericho na Nandi.

Hata hivyo, kukosekana kwa jalidi hakuna maana kwamba Kilimanjaro mboga hupandwa siku yoyote. Mkulima wa huku anayo mipaka yake mitatu.

MIPAKA MITATU

Mpaka wa kwanza ni masika, kuanzia Machi hadi Mei. Katika miteremko ya kusini mvua hunyesha kwa wingi Aprili na Mei. Majani ya nyanya hukaa na maji mchana kutwa, na ugonjwa wa bakajani chelewa huweza kumaliza shamba katika siku chache.

Mpaka wa pili ni baridi ya Juni hadi Agosti. Mvua kubwa imekwisha, lakini mawingu hukaa vihambani hadi mchana. Ukungu wa hewani huleta ukungu wa majani. Aidha, usiku ukishuka chini ya nyuzi 13 hivi, maua mengi ya nyanya hupukutika bila kushika matunda. Kabichi na karoti huvumilia baridi hiyo, ila hukawia kukomaa.

Mpaka wa tatu ni joto la Januari hadi mwanzoni mwa Machi, hasa tambarare za Kahe na Chekereni. Mchana ukizidi nyuzi 32 maua ya nyanya huanguka, na maji ya mifereji hupungua wakati kila mtu anayahitaji.

Vuli, ya Oktoba hadi Desemba, ndiyo isiyotabirika. Mwaka 1997 ilizidi kiasi kwa sababu ya El Nino, na mwaka 2023 hali hiyo ilijirudia. Miaka mingine hunyesha wiki chache tu. Kwa sababu hiyo taarifa ya msimu inayotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya mvua kuanza ni sehemu ya mtaji wa mkulima, sawa na mbegu na mbolea.

KOSA LA WENGI

Wakulima wengi huhamishia miche ya nyanya shambani mara masika yanapokatika. Kilimo hicho ni rahisi, kwani udongo una unyevu na mfongo una maji. Tatizo ni kwamba wote hufanya hivyo katika wiki zilezile. Kuanzia Agosti matenga hurundikana Mbuyuni na Kiboriloni kwa pamoja, na mlanguzi mwenye Fuso huchagua bei aitakayo. Nyanya haisubiri. Mwenye tenga lililoiva hana nguvu ya kubishana.

Mfano ufuatao ni wa kujifunzia hesabu tu, si bei za wiki hii. Mkulima ametumia sh. 1,200,000 na kuvuna matenga 100. Kila tenga limemgharimu sh. 12,000. Akiuza wakati wa msongamano kwa sh. 8,000, amepoteza sh. 400,000 pamoja na jasho lake.

Mwenzake amelenga wakati wa uhaba. Dawa zimemwongezea gharama hadi sh. 1,500,000, na mvua imempunguzia mavuno hadi matenga 60. Kila tenga limemgharimu sh. 25,000. Akiuza kwa sh. 35,000 anapata faida ya sh. 600,000. Lakini bei ikiishia sh. 20,000, naye amepoteza sh. 300,000. Kwa hiyo wakati wa uhaba si bahati ya bure. Ni lazima kujua gharama ya tenga moja kabla ya kuamua.

KUHESABU KURUDI NYUMA

Njia iliyo salama ni kuanza na siku ya kuuza, kisha kurudi nyuma. Mwezi wa Desemba wenyeji wa Kilimanjaro wanaoishi Dar es Salaam, Arusha na kwingineko hurudi nyumbani kwa Krismasi, na mahitaji ya nyanya, karoti na kabichi huongezeka.

Mkulima wa ukanda wa kati, kwenye mita 1,200 hivi, anayetaka kuanza kuchuma nyanya Desemba 10 ahesabu siku 80 tangu kuhamisha miche. Anapata Septemba 21. Aondoe siku 28 za kitaluni, anapata Agosti 24. Hiyo ndiyo siku ya kusia mbegu.

Kwa kabichi ya kuuzwa Desemba 15, siku 90 za shambani zinamrudisha Septemba 16, na siku 30 za kitalu zinamfikisha Agosti 17.

Mwenye shamba la juu zaidi, karibu na msitu, aongeze wiki mbili au tatu kwa sababu ya baridi. Ndiyo maana watu wawili wa kata moja, mmoja juu na mwingine chini, hawapaswi kunakiliana tarehe.

Baada ya kupata tarehe, aipitishe kwenye ile mipaka mitatu. Katika mfano wa nyanya, Septemba ni kavu, hivyo zamu ya mfongo iwe na uhakika. Novemba vuli hukuta matunda yanakua, hivyo miche isibanane, ifungwe kwenye mambo ili majani yasiguse udongo, na dawa ya ukungu ipigwe kabla ugonjwa haujaenea. Siku za kusubiri kati ya kupiga dawa na kuchuma zimeandikwa kwenye kibandiko, na ni lazima zifuatwe. Asiye na maji ya Septemba abadili zao au siku ya soko kabla hajanunua mbegu.

Aidha, ni busara kutoweka kila kitu kwenye tarehe moja. Anayehamisha miche kwa mafungu matatu, yakipishana kwa siku 14, hawezi kukutwa na bei mbaya kwa shamba zima. Wala hataikosa bei nzuri yote.

KAZI YA WIKI

Mkulima achukue daftari na kuchora safu nne: siku ya kusia, siku ya kuhamisha, siku ya kuchuma mara ya kwanza, na bei aliyopata siku hiyo. Pembeni aandike siku mvua ilipoanza na ilipokatika kwenye shamba lake mwenyewe. Baada ya misimu mitatu atakuwa na kalenda ambayo hakuna pakiti ya mbegu inayoweza kumpa, na mlanguzi atakapotaja bei, mkulima atakuwa anajua tenga lake limemgharimu shilingi ngapi.