Kosa linalopimwa na kosa linalofichwa



Shofere mmoja wa Marekani alitaka tu shefu wake asijue kamyoneti ya kampani iko wapi. Tarehe 4 Agosti 2012 alipatikana kwenye kiwanja cha ndege cha Newark: kichombo alichokiweka ndani ya gari kilikuwa kinasumbua mtambo wa kuongozea ndege. Sikilizeni namna ilivyokuwa.

Rubani anajua mahali alipo kwa mawimbi ya satelaiti zilizo juu yetu kilometa 20 000 hivi. Mawimbi hayo yanafika na makosa. Yanacheleweshwa katika hewa ya juu sana yenye umeme. Mengine yanagonga kwanza ukuta au udongo, kama sauti yako inavyokurudia penye mlima. Ndege ikiwa juu, kosa la meta chache si kitu. Ikitua ndani ya ukungu, watu wanaweza kufa.

Ndiyo sababu mtambo umewekwa chini. Antena zake, kwa kawaida nne, mahali pake pamepimwa barabara. Mtambo unajua ulipo. Satelaiti zikiuonyesha pengine, tofauti hiyo ndiyo kosa. Mara mbili kila sekunde unawapa marubani masahihisho kwa redio, na pamoja nayo unasema kosa lililobaki laweza kuwa kubwa kiasi gani. Hapo nawasifu wahandisi: hawakadirii kosa la siku ya kawaida, wanakadiria la siku mbaya kabisa. (Na mimi kipimo cha presha nisichokiamini sikitumii kwa mgonjwa.) Mashini ya ndege ikiona kosa laweza kupita meta 10 kwa kimo karibu na kutua, inamwonya rubani aiache njia hiyo.

Lakini kichombo cha yule shofere kinatoa kelele inayofunika sauti dhaifu ya satelaiti. Tangu 2009 wahandisi waliokuwa wakijaribu mtambo wa Newark waliona antena zikipotewa na satelaiti kitambo kidogo, kisha zikapona. Barabara kuu inapita pale karibu, na vichombo hivyo vilikuwa vinapita ndani ya magari.

Mwaka 2013 serikali ilimwandikia faini ya dolari 31 875.

Nanyi mashofere wetu: katika machimbo mengi ya wazi, kamyo na mashini za kuchimba zinafuata satelaiti hizo hizo. Mwenye kichombo cha namna hiyo akichomoe leo.